Mamlaka ya maji ikiomba kupandisha bei: mambo ya kusoma kabla ya mkutano wa taftishi

Tangazo huwa fupi. Mamlaka ya maji ya mji imewasilisha kwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji Tanzania, maombi ya kurekebisha bei za majisafi na majitaka kwa miaka mitatu ya fedha, na wananchi wanaalikwa kwenye mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni kabla ya uamuzi, siku ya kazi, saa tatu asubuhi. Kufikia adhuhuri mtaa mzima unajua jambo moja tu: maji yanapanda.

Tuliofuatilia maombi ya namna hiyo katika mji mmoja wa mkoa, tangu tangazo hadi bili ya kwanza yenye bei mpya, tuliona siku zilizotangulia mkutano zikiliwa na hasira. Hasira ilikuwa na haki yake. Kulikuwa na mitaa inayopata maji mara mbili kwa wiki, tena usiku wa manane, na mama wa nyumba analala nusu macho akisikilizia bomba. Lakini mkutano ukiisha, mdhibiti anarudi ofisini na majedwali, na kwenye majedwali hakuna mahali pa kuandika hasira. Kinachopunguza bei ni hoja inayogusa tarakimu iliyomo mle ndani. Kwa hiyo haya yamepangwa kwa mfuatano wa mambo yanavyokuja, pamoja na hesabu ambazo yeyote mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuzirudia.

Ijulikane kwanza kwamba mkutano ule si hisani. Sheria ya EWURA, Sura ya 414, inataka taftishi ifanyike kabla ya bei kupangwa. Wanaotakiwa kusikilizwa ni wateja, mamlaka yenyewe, na Baraza la Ushauri la Watumiaji, yaani EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kuwasemea watumiaji. Kenya nako, chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kampuni za maji hupeleka maombi ya bei kwa WASREB, bodi inayodhibiti huduma za maji huko, na maswali mengi yaliyomo humu yanafaa huko pia.

Kupata makabrasha

Hatua ya kwanza ni kuomba kitabu cha maombi na mpango biashara wa miaka mitatu. Nenda ofisi ya mamlaka, dawati la huduma kwa wateja, na barua yenye jina la mtaa na mhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa. Barua yenye mhuri haiachwi mezani kirahisi. Wakikuzungusha, nenda kamati ya EWURA CCC ya mkoa au ofisi ya EWURA ya kanda. Kitabu ni kinene na kudurufu chote ni hasara. Yanayohitajika ni majedwali manne: maji yaliyozalishwa na yaliyouzwa kwa miaka mitatu iliyopita, gharama za uendeshaji kwa mafungu, orodha ya miradi na fedha zinakotoka, na bei za sasa dhidi ya bei zinazoombwa kwa kila kundi la wateja. Ukiyapata haya manne, sehemu kubwa ya kilichobaki ni maelezo.

Katika mji ule watu wengi hawakuomba kitabu. Walitegemea mamlaka iwasilishe ukumbini kwa picha za ukutani, na zile picha zilikuwa na wastani tu: bei inapanda kwa asilimia kadhaa. Wastani unaficha mengi, kama tutakavyoona kwenye bei ya magati, yaani vituo vya umma vya kuchotea maji, na ya nyumba za kupanga.

Bei inavyozaliwa

Hesabu ya msingi ni nyepesi. Chukua gharama zote za mwaka ambazo mdhibiti amezikubali, toa ruzuku, gawa kwa uniti zitakazouzwa. Uniti moja ni meta ya ujazo moja, yaani lita 1,000, au ndoo 50 za lita 20.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Gharama ni Sh bilioni 6 kwa mwaka. Mamlaka inazalisha uniti milioni 5, asilimia 40 zinapotea, zinauzwa milioni 3. Bei ya wastani ni Sh 2,000. Upotevu ukishuka hadi asilimia 30, zinauzwa uniti milioni 3.5 na bei inakuwa Sh 1,714, bila mfanyakazi kupunguzwa wala pampu kuzimwa. Na kama kati ya kila Sh 100 za bili zinakusanywa Sh 90 tu, ile bei ya Sh 2,000 inapaswa kuwa Sh 2,222 ili fedha itoshe. Mteja anayelipa ndiye anayebeba asiyelipa. Weka hesabu hii kichwani, kwa sababu kila hoja yenye nguvu inarudi kwenye mojawapo ya sehemu zake: gharama, ruzuku, uniti zinazouzwa, na makusanyo.

Kabla ya kuingia kwenye gharama, angalia bei ya sasa ilianza lini. Gharama zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, baada ya miaka sita zimefika asilimia 126 ya zilivyokuwa. Mamlaka iliyokaa miaka sita bila kuguswa bei, ikaja kuomba ongezeko la asilimia 25, haijaomba utajiri. Imeomba kurudi ilipokuwa. Kilichotokea katikati ni kwamba ilikuwa inaishi kwa kutofanya matengenezo. Bomba linalotakiwa kubadilishwa linafungwa mpira, dira (mita za maji) zilizochoka zinaachwa ukutani, pampu ya akiba inachunwa vipuri ili ile inayofanya kazi isisimame. Wananchi hufurahia bei kubaki pale pale, hasa majira ya uchaguzi, na ni sisi hao hao tunaokuja kulia mgao. Ongezeko dogo la kila mwaka linaumiza kidogo kuliko kishindo kimoja baada ya ukimya mrefu, na hili linafaa kusemwa ukumbini hata kama halipigiwi makofi.

Umeme

Kwa mji unaovuta maji kutoka bondeni au kisima kirefu, fungu la umeme huwa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kupandisha uniti moja ya maji kimo cha mita 100 kunahitaji uniti 0.27 ya umeme kama pampu na mota vingekuwa havipotezi chochote. Pampu nzuri pamoja na mota yake hutoa ufanisi wa asilimia 60 hadi 70. Iliyochakaa huangukia 45 au chini zaidi.

Tuseme kimo, ukiongeza na msuguano ndani ya bomba, ni mita 200, na ufanisi ni asilimia 60. Kila uniti ya maji inakula uniti 0.91 za umeme. Kwa bei ya Sh 195 kwa uniti ya umeme, bila VAT, hizo ni Sh 177. Ufanisi ukishuka hadi 45, zinakuwa Sh 236. Halafu kumbuka maji yanayopotea yamepandishwa kwa umeme ule ule. Kwa upotevu wa asilimia 40, Sh 177 zinakuwa Sh 295 kwa kila uniti iliyouzwa. Kwa upotevu wa asilimia 20 zinakuwa Sh 221. Tofauti ya Sh 74 kwa uniti, umeme peke yake.

Kuna na malipo ya kVA, kipimo cha mzigo wa umeme. Wateja wakubwa wa TANESCO, shirika la umeme, hawalipii uniti tu. Wanalipia pia kilele cha mzigo waliouvuta mwezi huo. Mhudumu wa kituo akiwasha pampu mbili kwa pamoja ili kujaza tenki haraka baada ya umeme kukatika, kilele cha nusu saa ile kinalipiwa mwezi mzima. Maswali ya kuuliza ni haya: vituo vya pampu vina kapasita za kurekebisha mzigo? Zinafanya kazi? Kuna kifaa cha kuwasha mota taratibu? Ufanisi wa kila pampu ulipimwa mara ya mwisho lini? Katika mji tuliofuatilia swali la mwisho halikupata jibu la tarehe, na jibu lile la kukwepa liliandikwa kwenye maoni yaliyopelekwa EWURA. Kama mamlaka haipimi ufanisi wa pampu, haiwezi kuthibitisha kwamba fungu la umeme linaloombwa ni la lazima.

Dawa na vifaa

Maji ya mto au bwawa husafishwa kwa shabu ili tope lishikane na kuzama, kisha yakachujwa, kisha yakatiwa klorini. Kipimo cha shabu cha gramu 50 kwa uniti ni cha kawaida. Mtambo wa uniti 10,000 kwa siku unatumia kilo 500 kila siku. Masika yakishuka na mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa, kipimo kinaweza kuongezeka mara mbili, na chujio linaoshwa mara nyingi zaidi, kwa maji ambayo tayari yamekwishatibiwa. Kwa hiyo makisio ya dawa yanayotumia kipimo cha masika kwa miezi 12 yamepandishwa. Ombeni kuona kipimo cha kila mwezi.

Sehemu kubwa ya klorini, dira na pampu zinanunuliwa nje. Dola iliyokuwa Sh 2,300 mwaka 2022 ilipita Sh 2,600 mwaka 2024. Gharama hii ni ya kweli na mamlaka haina uwezo nayo. Sioni busara kugombana nayo. Gombaneni na wingi, na utaratibu wa manunuzi: kununua kidogo kidogo kwa dharura ni ghali kuliko mkataba wa mwaka.

Mamlaka nyingine hununua maji yaliyokwisha kusafishwa. Shinyanga na Kahama hupata maji ya Ziwa Victoria kupitia KASHWASA, ambayo husafisha maji Ihelele na kuyauza kwa jumla. Hapo kila lita inayovuja mtaani ni lita iliyonunuliwa. Ukiishi mji wa aina hiyo, fuatilia maombi ya muuzaji wa jumla kwa ukaribu ule ule, maana bei yake inashuka moja kwa moja kwenye bili yako.

Mikopo na miradi

Hapa ndipo maombi mengi ya sasa yanapopata uzito. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa mradi unaofaa mazingira, ya Sh bilioni 53.12, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, ili kupanua huduma. Ni hatua ya kishujaa na inafaa kuigwa, lakini fanya hesabu: riba ya mwaka mmoja kwa deni lote ni takriban Sh bilioni 7.2, na mwenye hatifungani hasubiri mpaka dira zifungwe. Fedha hiyo inatoka kwenye maji yanayouzwa.

Njia nyingine ni mkopo unaochukuliwa na Serikali. Mradi mkubwa wa Arusha, wa Sh bilioni 520, ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mradi wa namna hiyo hujengwa kwa mahitaji ya miaka mingi ijayo. Miaka ya mwanzo mitambo ni mikubwa kuliko wateja, na gharama zisizobadilika, yaani walinzi, wahandisi, malipo ya kVA, zinagawanywa kwa wachache.

Kwa kila mradi uliomo kwenye maombi, uliza mambo matatu. Nani analipa deni, Serikali Kuu au mamlaka? Malipo yanaanza mwaka gani, kwa sababu si haki mteja aanze kulipa mwaka huu deni linaloanza kulipwa baada ya miaka mitatu? Na mpango wa maunganisho mapya ni wateja wangapi kwa mwaka, na gharama ya kuunganishwa ni kiasi gani? Mamlaka inayodai fedha ya kuunganisha isiyolipika na mwananchi wa kawaida inajinyima uniti za kuuza, kisha inaomba bei ipande kwa kuwa uniti ni chache.

Uchakavu nao huingizwa. Watu wengi ukumbini walilipigia kelele fungu hili wakiliona la kubuni, kwa kuwa hakuna hundi inayoandikwa. Si la kubuni. Dira za maji 20,000, tukichukua kila moja kwa Sh 60,000 na maisha ya miaka 10, zinahitaji Sh milioni 120 kila mwaka zitengwe, la sivyo mwaka wa 11 mji una dira zisizosoma. La kudai ni kwamba fedha ya uchakavu iwekwe kwenye akaunti yake na isihamishiwe posho wala safari. Na mali zilizojengwa kwa msaada, ambazo mamlaka haikuzigharamia, zisikokotolewe kana kwamba ilizinunua, isipokuwa kwa kiasi kinachohitajika kuzibadilisha siku zikifa.

Upotevu: mahali pa kusimama

Kama una nafasi ya kusema jambo moja, sema hili. Kiwango ambacho EWURA imekuwa ikikitumia kama kinachokubalika ni asilimia 20. Mamlaka nyingi ziko mbali juu ya hapo. Neno upotevu lenyewe limebeba mambo mawili yenye tiba tofauti, na mamlaka hupenda kuyachanganya.

La kwanza ni mivujo: bomba chakavu, maungio mabovu, tenki linalofurika usiku kwa kuwa boya la valvu limekufa. Mengi hutokea kwenye bomba dogo linaloingia nyumbani, si kwenye bomba kuu. Presha inapokuwa kubwa mno usiku, watu wakiwa wamelala, mivujo inaongezeka. Valvu ya kupunguza presha kwenye eneo la bondeni huokoa maji mengi kwa gharama ndogo kuliko kulaza bomba jipya. Mgao nao ni adui: bomba linapojaa na kukauka mara kwa mara linapigwa na mishtuko ya presha, maungio yanalegea, na uchafu unafyonzwa ndani.

La pili ni maji yaliyofika lakini hayakulipiwa: maunganisho ya wizi, dira zilizochoka zinazosoma pungufu, wateja waliosahaulika kwenye daftari, bili za makisio. Dawa yake ni kuhakiki wateja nyumba kwa nyumba na kubadilisha dira, tena kuanzia wateja wakubwa: viwanda, hoteli, kambi, shule za bweni. Dira moja ya hoteli inayosoma pungufu kwa asilimia 15 inaweza kupoteza zaidi ya mtaa mzima wa vyumba vya kupanga.

Kinachofanya hoja hii iwe na meno ni ile hesabu ya mwanzo. Mdhibiti halazimiki kugawa gharama kwa uniti zinazouzwa leo; anaweza kutumia kiwango cha upotevu ambacho mamlaka inapaswa kukifikia. Kwa hiyo usiseme tu "punguzeni upotevu." Andika hivi: "Tunaomba bei ya mwaka wa kwanza ikokotolewe kwa upotevu wa asilimia 35, wa pili 31, wa tatu 28, na mamlaka iwasilishe mpango wa kufika huko kwa kila eneo." Hapo mzigo wa uzembe unatoka kwenye bili ya mteja na kuingia kwenye bajeti ya mamlaka. Viwango visiwe vya ndoto. Ukidai ishuke kutoka 40 hadi 20 kwa mwaka mmoja, hakuna atakayekusikiliza, na kwa haki.

Jedwali la bei

Baada ya gharama, soma nani anabeba nini. Bei za majumbani mara nyingi hupanda kwa ngazi: uniti za mwanzo nafuu, zinazofuata ghali zaidi. Nia ni njema, kumlinda anayetumia kidogo. Lakini nyumba ya kupanga yenye kaya sita na dira moja, kila kaya uniti 5, inasomwa uniti 30 na kulipishwa bei ya mwenye bustani. Wapangaji wale ndio ngazi ya chini ilitengenezwa kwa ajili yao. Tulikuta hoja hii haikuwamo kabisa kwenye maombi. Suluhisho ni mawili: kila kaya ifungiwe dira yake kwa gharama ya awamu, au nyumba iliyothibitishwa na serikali ya mtaa ihesabiwe ngazi kwa idadi ya kaya.

Magati na vioski navyo vikaguliwe. Ikiwa bei ya gati kwa uniti ni Sh 1,500, maji ya ndoo moja ni Sh 30. Mwendeshaji akiuza Sh 50 ana Sh 20 za ujira na matengenezo. Bei ikipanda hadi Sh 1,900, ndoo inamgharimu Sh 38, na kwa kuwa sarafu ndogo zimepotea mfukoni, yeye hatauza Sh 58. Atauza Sh 100. Ongezeko la Sh 8 linamfikia mchotaji kama Sh 50. Ombeni bei ya gati isiguswe, au ipangwe ili bei ya ndoo ibaki kwenye sarafu iliyopo, na iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa gati.

Fungu la taasisi lisipitwe haraka pia. Taasisi za umma zenye malimbikizo makubwa ni ugonjwa wa zamani wa sekta hii, na dira za malipo ya kabla, zile ambazo mtaani zinaitwa luku za maji, zinaanzia hapo kwa mantiki nzuri. Ulizeni orodha ya madeni kwa umri: ya miezi mitatu, ya mwaka, ya zaidi ya miaka miwili.

Siku ya mkutano

Ukumbi ulijaa. Msemaji baada ya msemaji alisimama kueleza bomba lake linalotoa upepo, bili yake ya makisio, fundi aliyeahidi kuja akapotea. Yote ya kweli, na mengine yanatia uchungu kusikiliza. Lakini malalamiko ya mteja mmoja mmoja yana mlango wake: yaanze kwa mamlaka kwa maandishi, yasipotatuliwa yaende EWURA. Yakijaa kwenye taftishi, muda wa kuhoji gharama unakwisha, na ndivyo ilivyokuwa. Waliobaki na hoja za hesabu walipewa dakika chache mwishoni.

Kwa hiyo jipangeni mapema. Mitaa mitano ichague wasemaji wanne, kila mmoja na fungu lake: umeme, upotevu, miradi, jedwali la bei. Malalamiko ya mitaa yakusanywe kwenye karatasi moja, na msemaji ayataje kwa jumla: mitaa mingapi, siku ngapi za maji kwa wiki. Mama lishe, wenye magati na wauza maji wa mikokoteni hawawezi kuacha biashara asubuhi ya siku ya kazi. Wachangieni nauli na mumweke mwakilishi wao mbele, kwa kuwa bei hii inawagusa kuliko waliopo ukumbini. Na msitegemee mdomo. Maoni ya maandishi hupokelewa hadi tarehe inayotajwa kwenye tangazo au mkutanoni. Kurasa mbili au tatu zenye hesabu na marejeo ya ukurasa wa kitabu chao zina uzito kuliko hotuba. Nakala moja ipelekwe EWURA CCC, nyingine ibaki na muhuri wa kupokelewa.

Ombeni pia masharti. Hili watu hawalijui. Amri ya bei hutoka na masharti ambayo mamlaka inatakiwa kutekeleza, yenye muda. Sharti zuri lina kitu kinachopimika na tarehe: dira kadhaa za wateja wakubwa zibadilishwe kufikia Juni, ratiba ya mgao itangazwe kila mwezi, bili za makisio zisizidi mwezi mmoja mfululizo kwa mteja mmoja.

Amri ikitoka

Amri huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Inaweza kukubali yote, kupunguza, au kugawanya ongezeko kwa miaka mitatu. Katika mji ule kilichokubaliwa kilikuwa pungufu ya kilichoombwa, na bei ya gati ilitenganishwa na ongezeko la jumla. Nyumba za kupanga hazikupata kitu.

Siku bei mpya inapoanza, piga picha dira yako, tarakimu zote zionekane pamoja na namba ya dira. Mwezi wa mpito ndio wenye makosa mengi. Msoma mita akichelewa wiki mbili, uniti ulizotumia kwa bei ya zamani zinaingia kwenye mpya. Akiruka mwezi kisha akasoma miwili kwa pamoja, jumla inapanda ngazi ya juu. Dai uniti zigawanywe kwa miezi husika. Malimbikizo ya nyuma hayabadiliki bei.

Bili ikiongezeka kuliko asilimia iliyoidhinishwa, kagua nyumbani kwanza. Funga koki zote, tazama kigurudumu kidogo cha dira. Kikizunguka, kuna mvujo. Koki ya choo inayopitisha lita moja kila dakika tano inamaliza lita 288 kwa siku, zaidi ya uniti 8 kwa mwezi. Kama kigurudumu kimetulia, pima dira: jaza ndoo kumi za lita 20 na uone kama tarakimu nyekundu zimesogea lita 200. Ndoo au dumu likijazwa hadi mdomoni hushika zaidi ya lita 20, kwa hiyo lipime kwenye mizani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dira nzima hukosea kwa takriban asilimia 2 kwenye mtiririko wa kawaida. Ikisoma lita 215 au zaidi, andika barua ya kuomba ipimwe, ambatisha picha, na uendelee kulipa wastani wako wa zamani kwa makubaliano ya maandishi ili usikatiwe. Kwenye maeneo ya mgao, upepo unaotangulia maji nao huzungusha dira; fungua koki ya nje kidogo kidogo maji yanaporudi, na kwenye barua yako dai valvu ya kutoa upepo kwenye bomba la mtaa.

Kabla hatua ya mwaka wa pili haijaanza, kamati ile ile ya wasemaji iandikie EWURA CCC ikiuliza sharti kwa sharti: dira ngapi zimebadilishwa, upotevu umefika asilimia ngapi, wateja wapya wangapi wameunganishwa. Barua hiyo iende miezi minne kabla ya Julai, wakati mamlaka inaandaa bajeti, na nakala yake apewe diwani wa kata.